Karanga za mama mkwe, uji wa watoto wa wenzangu

Shikamoo Mama,

Naomba jina langu usilitaje. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Morogoro mjini. Nakuandikia usiku wenzangu wamelala, maana mchana simu hii inashikwa na kila mtu humu ndani.

Mimi natengeneza unga wa lishe wa watoto. Nilianza miaka minne iliyopita, baba watoto alipopunguzwa kazi kiwandani. Wakati ule hata kodi ya nyumba ilikuwa mtihani. Mama mkwe wangu, anayekaa kijijini mkoani Dodoma, aliuza ng'ombe wawili akaja na hela kaifunga kwenye pindo la kanga, akanikabidhi mimi, si mwanawe. Akasema, "Karanga na mtama msinunue, mimi ninavyo." Tangu hapo kila msimu anapakia magunia kwenye basi na mimi nayafuata stendi. Sijawahi kumlipa kwa bei ya sokoni na yeye hajawahi kuuliza.

Unga wangu una mahindi, mtama, ulezi, soya na karanga. Mfuko wa kilo moja nauza shilingi 4,500. Wateja wangu ni majirani, kina mama wa kanisani, na wale ninaokutana nao siku za kliniki. Mfuko alinichorea kijana wa steshenari. Aliweka picha ya mtoto mnene anacheka, akaandika "Kuanzia miezi 4. Huongeza uzito, hutibu utapiamlo, huongeza akili." Mimi niliona kapendezesha, nikalipia mifuko elfu moja.

Mwaka huu duka moja kubwa likaniambia liko tayari kuchukua mifuko 60 kwa mwezi, ila iwe na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Nikaambiwa nianzie SIDO, lile shirika la viwanda vidogo. Nikaenda, nikapata mafunzo ya siku tatu, na siku ya pili ndiyo iliyoniharibia usingizi. Mwalimu alitufundisha habari ya sumukuvu, ile sumu ya kuvu wanaoota kwenye mazao. Alisema karanga na mahindi ndiyo makazi yake, haionekani kwa macho, haiishi kwa kukaangwa, na kwa mtoto mdogo ni hatari kuliko kwa mtu mzima. Akatuambia turudi nyumbani tukazitazame karanga zetu.

Nikarudi nikafungua gunia. Nikapima debe moja, nikaketi barazani na ungo kuanzia saa tisa mpaka giza likaingia. Nilizotoa zilijaza lile bakuli la kunawia mikono: zilizosinyaa, zenye ganda jeusi, zilizotoboka. Nyingine kwa nje ni nzima, ukizipasua unakuta ule mfereji wa katikati una vumbi la kijani. Na gunia chini, upande uliokuwa umegusa sakafu, lilikuwa na unyevu. Miaka yote nilikuwa nachambua, lakini nachambua mawe na majani. Zile zilizosinyaa nilikuwa nasema ni karanga tu, zinasagwa.

Kabla hata ya mafunzo kuna mama alinirudishia mfuko akasema uji ni mchungu. Nilimrudishia hela yake nikamwambia ni ulezi wa msimu huu. Sikujua kwa nini nilimdanganya. Siku hizi mtoto wangu wa mwisho, ana mwaka mmoja na miezi miwili, nampikia uji wa unga wa dukani, nyumbani nimesema huu wangu umemkinai.

Nikamweleza mume wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kwa hiyo unataka kwenda kumshtaki mama yangu Ubungo?" Ndiko ziliko ofisi za TBS. Nikamwambia si hivyo. Akasema suluhisho ni rahisi: tununue kilo tano za karanga za daraja la kwanza, nitengeneze unga safi wa kupeleka TBS, tukishapata alama tuendelee na za mama, na mimi niwe nachambua vizuri. Anasema kila mtu anafanya hivyo. Mama akisikia karanga zake zimekataliwa, baada ya ng'ombe wale wawili, yeye hana uso wa kurudi kijijini.

Wakati huohuo kuna kijana, kishoka, amenifuata. Anasema kwa shilingi 150,000 atanichapishia lebo zenye alama, hakuna atakayejua. Huyo nilimkatalia, lakini namba yake sikuifuta.

Nilimpigia mama simu wiki iliyopita nikimzungukazunguka, nikamuuliza mwaka huu mvua za mwisho zilikuwaje. Akacheka, "We mwanamke, karanga hizi nimemlelea mumeo. Umemwona ana kasoro gani?" Nikacheka na mimi, nikakata simu nikaenda chooni kulia.

Naogopa Mama. Naogopa nikienda na unga wangu wa kweli utafeli na watanifungia, ada ya shule inatoka humuhumu. Naogopa nikienda na ule wa mume wangu nitapata alama na sitalala. Na wakati mwingine nafikiri nirudi tu mtaani kimya kimya kama zamani, niachane na hilo duka na makaratasi yao. Wengi tunauza hivyo. Nifanyeje?

Mama Uji, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na kisahani cha karanga pembeni, za kutafuna tu, nikajikuta nazipasua moja moja na kuchungulia ndani. Kwa hiyo karanga zangu umeniharibia. Tuendelee.

Niseme nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Una biashara iliyoiokoa nyumba yako. Mtaji wake ulitoka kwa mama mkwe, na malighafi yake vilevile. Sasa umepata mlango mpana, na mlango huo unadai upimwe. Wewe unadhani kitakachopimwa ni unga. Mumeo anadhani atakayepimwa ni mama yake. Na katikati yenu kuna watoto wa watu wanaokunywa uji kila asubuhi, ambao hakuna kati yenu aliyeamka na nia ya kuwadhuru.

Umeniuliza habari ya alama ya TBS. Lakini kuna jambo umelitaja kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa: mtoto wako umemhamishia unga wa dukani. Sikurudishii neno hilo nikusute. Mama yeyote angefanya hivyo. Nakurudishia kwa sababu naona swali lako moja ulishalijibu jikoni kwako, kabla hujaniandikia. Lile gunia mbele ya mtoto wako umeshalipima, kwa kipimo ulichokuwa nacho. Kilichobaki kigumu ni kwamba majirani zako hawajui.

Sasa tuyatazame haya unayoyaogopa, maana mengine yana meno na mengine hayana.

Unasema unga ukifeli utafungiwa. Nani kakwambia? Kupeleka maombi si kujisalimisha polisi. Tangu mwaka 2019, shughuli za chakula zilizokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule, zilihamia TBS, kwa hiyo usajili wa jengo, wa bidhaa na ile alama ya ubora vyote unavikuta kwenye mlango mmoja. Mjasiriamali mdogo anakwenda na barua ya utambulisho kutoka SIDO, na barua hiyo ndiyo inayompunguzia gharama hapo mwanzoni, usiipoteze. Maofisa wanakuja kuona unapofanyia kazi: sakafu, dari, nyavu za madirishani, kama unapofungashia ni papo hapo unapolala, kama wewe na msaidizi wako mmepimwa afya. Wanachukua sampuli, inakwenda maabara. Mwombaji ambaye sampuli yake haikupita anaambiwa imekwama wapi, anarekebisha, anapimwa tena. Inachosha, inachelewesha, inakula nauli. Lakini mwenye kesi ngumu zaidi ni yule anayekutwa sokoni na chakula cha mtoto kisichojulikana kokote. Sasa pima mwenyewe, ule "kimya kimya kama zamani" unakukinga kiasi gani.

Na hapohapo mpango wa baba watoto unaanza kuchechemea. Yeye anaiona sampuli kama picha ya pasipoti, unavaa shati zuri siku moja, basi. Wenzako wa TBS huja kuchukua sampuli wenyewe, na hata ukishapewa leseni wanaweza kununua mfuko wako dukani kama mteja mwingine yeyote wakaupeleka maabara. Leseni nayo huhuishwa, haitolewi mara moja ya maisha. Kwa hiyo anachokuomba si uongo mmoja. Anakuomba uongo wa kila msimu, na atakayekaa akisubiri siku ya kugundulika ni wewe, kwa sababu lebo itakuwa na jina lako.

Hata hivyo mumeo nisingempuuza. Nimemsoma vizuri, sikumwona kama mjanja wa mjini. Ni mwanaume aliyepoteza kazi, mama yake akauza ng'ombe, na hela ile ikapita pembeni yake ikatua mkononi mwa mkewe. Umeniandikia hilo kama sifa ya mama mkwe, nami naafiki ni sifa. Je, umewahi kujiuliza yeye lilimwonjesha nini? Aliposema "kumshtaki mama yangu Ubungo" pengine alikuwa anazungumzia karanga kidogo sana. Mazungumzo ya sumukuvu na mazungumzo ya deni lile mmeyatia kwenye gunia moja. Ningeyatenganisha. La deni lianze, tena siku isiyo na habari ya TBS ndani yake.

Nirudi kwenye karanga zenyewe, kwa sababu hapa nataka uwe na maneno ya kumwambia mtu.

Mwalimu wako alikufundisha kweli. Sumukuvu inatokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na mazao mengine yanapopata ukame shambani, yanapochelewa kukauka au yanapohifadhiwa na unyevu. Kukaanga kunaipunguza, hakuimalizi. Viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi na karanga vinataka jumla yake isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina kali zaidi, B1, isizidi 5. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ndiyo maana jicho lako peke yake halitoshi, hata likiwa la mama. Tena sumu hii haijatandazwa sawasawa gunia zima kama chumvi kwenye mboga. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote, na nyingine mia zikawa safi. Hili lina sura mbili. Sura nzuri ni kwamba kuchambua kunasaidia sana, na lile bakuli ulilojaza si kazi ya bure. Sura ya pili ni kwamba ukichota kikombe kimoja juu ya gunia ukakipeleka maabara kikapita, bado hujalipima gunia. Sampuli inachotwa juu, katikati, chini na pembeni, inachanganywa, ndipo inapimwa. Na lako lina chini iliyolowa.

Mtu mzima anakula karanga leo, kesho maharage, keshokutwa samaki. Mtoto wa miezi minane anakunywa uji wa mfuko mmoja, mara mbili au tatu kwa siku, mwezi mzima, na ana kilo nane tu za mwili za kubebea kilichomo. Ndiyo sababu ya masharti yote haya kwenye chakula cha watoto, hata pale yanapotuchosha.

Sasa mama. Kasema karanga hizi kamlelea mumeo. Wewe uliisikia sentensi hiyo kama mlango umefungwa. Mimi niliisikia kama mtu ambaye hajaulizwa chochote bado. Ulimuuliza habari ya mvua, mwanangu! Ulizungukazunguka, na mama wa kijijini anajua anapozungukwa. Akajibu kwa utani kwa sababu nawe uliuliza kwa utani.

Huyo mama anakaa Dodoma. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walianza kuumwa tumbo, kutapika, macho kuwa ya njano, na mwanzoni ukaitwa ugonjwa usiojulikana. Ilipothibitika ilikuwa sumukuvu, kwenye mahindi waliyoyavuna na kuyahifadhi wenyewe majumbani. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Walikuwa watu wa familia ambazo nazo zingekwambia mahindi hayo ndiyo yaliyowakuza. Sikupi habari hii ukamtupie usoni. Nakupa kwa sababu inawezekana mama mkwe wako anaijua kuliko wewe na mimi. Inawezekana alishika matanga ya mtu. Unamchukulia kama asiyejua na atakayeona aibu, na hilo bado hujalithibitisha.

Tena hujui gunia lile lililowa wapi. Yeye huenda alikausha vizuri, likalowa kwenye buti la basi, au stendi, au hapo kwako sakafuni. Uliniambia upande uliogusa sakafu ndio ulikuwa na unyevu. Sakafu ya nani? Kama ni yako, habari yote inageuka: badala ya "mama, karanga zako ni mbovu" inakuwa "mama, nimeziharibu karanga zako, njoo unielekeze." Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Vumbi la kijani ndani ya punje huenda lilianza zamani, kabla ya basi. Nasema hujui, na umeshamhukumu mtu kimoyomoyo, halafu unaogopa kumsomea hukumu.

Njia ninazoziona mbele yako si mbili. Ngoja nizitembee nawe, na kila moja ina mwiba wake.

Iko ya kuitoa karanga kwenye unga kabisa. Maofisa lishe wengi watakushangilia: wao hawapendi huu mtindo wetu wa kurundika nafaka na mbegu kwenye mfuko mmoja, na hushauri karanga iongezwe wakati wa kupika, iliyochambuliwa na kusagwa na mama mwenyewe. Karanga ikiwa ndani ya unga mafuta yake huchacha mapema, unga unashika harufu. Ukifanya hivi unaondoa tatizo lako kubwa bila kumtaja mtu. Mwiba wake: ladha itabadilika, na ninaamini wateja wako wanakufuata kwa ladha ile. Mwiba wa pili: mahindi yako nayo ni makazi ya sumukuvu, usije ukajiona umevuka mto kumbe umevuka mfereji. Na soya, ambayo hukuitaja ila kwa jina, hiyo isipopata moto wa kutosha kabla ya kusagwa inamsumbua mtoto tumboni. Waulize SIDO wakuonyeshe, usikisie.

Iko ya kuendelea na mama, lakini kwa utaratibu mpya: zianikwe juu ya turubai badala ya chini, zikauke sawasawa, zichambuliwe kulekule kabla ya kupakiwa, ziwekwe kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa wanayoiita kinga njaa, na kwako zikae juu ya chaga, si sakafuni. Hapo inabidi umlipe. Huwezi kumwomba mama wa watu achambue punje moja moja kwa bei ya "mimi ninavyo". Mwiba ni kwamba hesabu yako ya shilingi 4,500 itavurugika, na pia fadhila ikigeuka biashara, kuna kitu kinapotea kati yenu. Wengine hupata kingine badala yake. Wengine hawapati.

Iko ya kununua kwingine na kumwacha mama alete mtama, uwele au alizeti. Mume atakuona umemkwepa mamaye. Lakini pia utajifunza jambo moja, kwamba karanga za sokoni zenye sura ya daraja la kwanza nazo hazina cheti usoni. Utachambua na kupima vilevile.

Na iko ya kusimama kwa muda. Mwezi, miwili. Ada ya shule iko palepale, najua, na mimi sitailipa. Kama kuna kitu kingine unachoweza kusaga na kuuza kwa watu wazima katikati hapo, au kazi ya msimu ya baba watoto, mzungumze. Usiseme haiwezekani kabla hamjakaa na kalamu.

Yule kishoka sina la kuongeza, ulimkataa. Ninachouliza ni hiyo namba, unaitunzia nini?

Kuna jambo gumu kuliko yote ambalo hukuliuliza, nami nisingekuwa mkweli nikiliacha. Unga ulioshauzwa. Kuna mifuko makabatini mwa watu iliyotoka kwenye gunia hilo. Ukitaka kuifuata leo, ungejua ni ipi? Nadhani hujui, kwa sababu mfuko wako una picha ya mtoto mnene na hauna namba ya toleo. Haya makaratasi tunayoyalalamikia, ukiyavua mihuri, sehemu yake kubwa ni daftari: tarehe hii nilifungua gunia la fulani, nikapata mifuko kadhaa, ikaenda kwa kina fulani. Daftari la shilingi elfu moja. Lingekuwepo, siku yule mama aliporudisha uji mchungu ungefungua ukurasa, ukapiga simu sita, na ulezi usingesingiziwa. Huwezi kulianza jana. Lakini wateja wako ni wa kanisani na kliniki, wengi unawajua kwa majina ya watoto wao. Unaweza kukaa usiku mmoja ukawaandika unaowakumbuka. Utawaambia nini? Pengine, "ule unga wa safari ile sikuridhika nao, nirudishie nikupe hela yako." Utapoteza hela, na baadhi yao utawapoteza wenyewe. Kuna watakaokuamini zaidi, ila hao siwezi kukuahidi. Kama kuna mtoto unayesikia aliumwa, mwambie mama yake ampeleke kituo cha afya na aseme alikuwa anakula nini.

La mwisho ni dogo, lakini lifanye mapema kwa kuwa halihitaji ruhusa ya mtu. Maneno ya yule kijana wa steshenari. Mtoto ananyonya maziwa ya mama peke yake mpaka anapofikisha miezi sita, hivyo "Kuanzia miezi 4" inakwenda kinyume na kila anachoambiwa mama kliniki, tena na wauguzi walewale ambao wateja wako wanatoka mikononi mwao. "Hutibu utapiamlo" ni maneno ya dawa, na wewe unauza chakula. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anahitaji hospitali, na mama yake anaweza kukaa nyumbani wiki tatu akiusubiri mfuko wako utibu. Hata picha ya mtoto uliza kabla hujachapisha tena, kwa sababu vyakula vya watoto wadogo vina kanuni zake za matangazo. Mfuko mpya utataka viambato vilivyomo kuanzia kilicho kingi, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, anwani yako, na namna ya kupika. Najua mifuko elfu moja uliilipia. Imebaki mingapi?

Sikuambii uende Ubungo Jumatatu wala usiende. Mumeo ni wako, mama ni wenu, na mimi sitakuwepo chakula cha jioni kikinyamaza. Ila kama ningekuwa jirani yako ningekuomba jambo moja kabla ya lolote lile: panda basi hilohilo linaloleta magunia, uende. Usipige simu. Bakuli lile kama hujalimwaga, funga karanga kiganja kimoja kwenye kitambaa. Ufike, usalimie, ule, upumzike. Jioni mkiwa wawili mwombe ungo, uzimwage juu yake, ukae kimya umwache azishike mwenyewe. Mama aliyelima karanga miaka arobaini atazijua kabla hujafungua mdomo. Atakachosema hapo ndicho utakachorudi nacho kwa mumeo, si nilichokuandikia mimi.

Ukirudi niandikie. Nataka kujua ile sakafu ilikuwa ya nani.